Mti Wangu Haukumfunga Mtoto

Nakumbuka, mwanangu, ile siku niliyorudi kutoka kliniki nimekubeba mgongoni, nikamkuta Mzee Ruhaga amesimama uani kwetu na mti wangu mkononi. Alikuwa ameung'oa kwenye chungu chake. Mizizi inaning'inia, na waya niliouviringisha kwenye matawi ameukata vipande na kuutupa chini. Wanawake watatu wa jirani wamekaa pembeni wanatazama.

"Mama Nyamwiza, nimekusaidia," akaniambia mjumbe wetu huyo wa nyumba kumi. "Huu mti nimeufungua. Sasa na mtoto atafunguka, atembee."

Nyamwiza ni wewe. Ulizaliwa miezi haijatimia, na wenzako walipoanza kukimbia wewe ulikuwa bado unatambaa. Nesi alikupima kila mwezi, akasema unaongezeka, nikupe uji wa karanga na nisubiri. Mimi nikasubiri. Majirani wakatafuta mchawi.

Mti wenyewe ni buksi, kile kichaka cha majani madogo magumu ambacho wamisionari walikipanda kuwa ua wa njia ya kanisa. Nilichukua kijiti pale nikiwa bado shuleni. Mwalimu wetu wa bayolojia, kijana wa kujitolea kutoka Japani, alitufundisha kukuza mti ndani ya chombo kifupi. Kwao huitwa bonsai. Unapunguza mizizi, unapunguza matawi, unaliongoza tawi kwa waya, na waya unautoa kabla haujala gome. Mti haudumai kwa ugonjwa. Unazeeka ukiwa mdogo, basi. Bibi yangu wa Heru Juu ndiye aliyenifinyangia chungu chake, kipana kama sinia, matundu chini. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, watu walibeba milango ya nyumba zao. Mimi nilibeba chungu kile kichwani.

Walinitania sana. "Mama Nyamwiza, tuje lini kuchana mbao?" Au, "Mbuzi akipita hapo msitu umekwisha." Nilicheka nao, maana utani ni utani. Lakini kisimani nikaanza kusikia mengine: kaufunga mti, kamfunga na mtoto. Nikinyanyua ndoo, wananyamaza. Nikanyamaza na mimi, miezi mingi, nikidhani ndiyo heshima.

Siku ile heshima ilikwisha. Nilikufungua mgongoni, nikakuketisha kwenye mkeka, nikauchukua mti wangu mkononi mwa mzee.

"Toka uani kwangu."

"Unamfukuza mzee?"

"Namfukuza mtu aliyeingia kwangu nikiwa sipo."

"Yebabawe," mmoja wa wale wanawake akasema, "kamfukuza mjumbe."

"Umesoma mpaka adabu imekutoka," mzee akaniambia. "Tutaonana barazani."

"Nitatangulia mimi, baba."

Akaondoka akiguna. Niliilaza mizizi ndani ya beseni la maji, nikairudisha kwenye udongo, chungu nikakiweka kivulini. Matawi mawili yalikuwa yamevunjika kabisa. Hata leo ninapokuandikia sijui kama mti utashika.

Kisha nikakaa kuandika malalamiko. Karatasi ya kwanza niliijaza yote: pombe yake, ubishi wake, mkewe anayesengenya, hata jogoo wake anayeparua mbegu zangu za maharage. Na nilikuwa naona utamu.

Ndipo nikamkumbuka bibi. Nilipokuwa msichana niligombana na dada yangu, nikachukua mkasi nikaenda kuupunguza mti. Niliukata mpaka ukabaki fimbo. Bibi hakunipiga. Aliuchukua mkasi, akautazama mti, akaniuliza, "Ulikuwa unamkata nani?" Akaukalia mkasi ule, asinipe, mpaka mti ulipochipua.

Nikaichana karatasi ya kwanza. Jogoo nikamwacha, na mke wa watu nikamwacha.

Mwanangu, utakapoweza kusoma haya, kasirika unapoonewa. Hutamkuta mtu wa kumwambia binti kasirika, kwa hiyo nakuambia mimi. Kumheshimu mzee si kumwachia mzee akuite mchawi, wala kumwachia ampe mtoto wako jina litakalomfuata mpaka siku ya kuolewa. Ila hasira ikija, itazame kwanza. Likate tawi lile lile lililokosea, na ulikate kweli, usilichanechane.

Imana, Mungu wetu, akulinde. Akupe miguu kwa wakati wako, na siku utakayosimama asijitokeze mtu kudai ni yeye aliyekusimamisha.

Na hiki ndicho nilichokipeleka:

*Kwa Baraza la Usuluhishi la Kata. Mimi, mama yake Nyamwiza, namlalamikia mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Ruhaga. Aliingia uani kwangu nikiwa kliniki, akang'oa mti wangu, na akawaambia majirani kwamba nimemfunga mwanangu kwa waya asitembee. Fidia ya mti siombi. Naomba aje kliniki siku ya kupima watoto, asimame mbele ya wanawake wale wale aliowaambia, aseme kwamba hajui kwa nini mtoto wangu hajatembea. Sitaki aseme zaidi ya hapo, kwa sababu hajui.*