Kifungu cha Mawakala wa Zamani

Nilipaswa kukataa siku ile Mkurugenzi aliponambia nikifute kifungu cha mawakala wa zamani katika rasimu ya sheria ya bima, na nisimwambie mtu mpaka sheria itoke. Sababu za kukataa nilikuwa nazo. Nikasema, "Hadhir, bwana," yaani nimetii, nikafuta. Sasa nimestaafu, ninakaa Al Amerat, na nyinyi vijana wa idara mnaotayarisha rasimu mpya mmeniomba niwaandikie namna kazi ilivyokuwa zama zetu. Nitaandika, na mengi yatawachekesha, kwa sababu tulicheka sana katika kazi ile. Lakini hilo la kufuta nimelitanguliza ili nisije nikajificha nyuma ya vicheko.

Niliingia kazini nimemaliza sekondari tu. Tulikuwa tumehamia Maskati kutoka Unguja, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani na cha msikitini: kusoma ninasoma, lakini nikiambiwa niandike barua ya serikali jasho linanitoka. Asubuhi ya siku ya kwanza nilivaa dishdasha mpya na kilemba alichonifunga baba, nikajipeleka mbele ya Mkuu wa Kitengo nikitarajia kupewa meza. Akaniangalia, akauliza, "Umewahi kuona bima ikiuzwa?"

"Hapana, bwana."

"Basi utasimamia nini? Toka uende Sib, pale magari yanapokaguliwa. Ukae mpaka adhuhuri, kisha uje unieleze."

Hivyo siku yangu ya kwanza ofisini haikuwa ofisini. Nje ya uwanja wa ukaguzi kulikuwa na safu ya vibanda, kwa sababu mtu hawezi kupata mulkiya, yaani kadi ya kumiliki gari, bila ya kuonesha bima. Kibanda cha mwisho kilikuwa na watu wengi kuliko vyote, na wote walikuwa wakicheka. Ndani yake alikaa mtu mnene, kofia kaipindua kidogo upande, anazungumza Kiarabu na huyu, Kibaluchi na yule, na aliponiona uso wangu akanigeukia kwa Kiswahili bila ya kuuliza. "Weye wa Unguja. Mtaa gani?" Huyo ndiye Nassor.

Mbele yake alisimama dereva wa teksi ambaye mlango wa gari yake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nassor akaizunguka gari ile mara moja, akarudi akakaa.

"Yakhe, gari hii haitaki bima, inataka dua."

"Nikatie ile ya mtu wa tatu, basi," akasema dereva. Bima ya mtu wa tatu ni ile inayomlipa uliyemgonga, si wewe mwenyewe.

"Nitakukatia. Ukimgonga mtu, kampuni itamlipa."

"Na mie nikiumia?"

"Weye utaumia kwa gharama zako."

Watu wakaangua kicheko, na dereva naye akacheka, akakata bima. Nikamuuliza Nassor tofauti ya wakala na dalali, maana maneno yale nilitakiwa niyajue na sikuyajua. Akanambia, "Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali anasimama upande wa mteja, anamtafutia kampuni iliyo bora. Mie ni wakala. Mke wangu hajui, anadhani mie ni mtu wake." Niliporudi ofisini nilimweleza Mkuu wa Kitengo tofauti ile kwa maneno yaleyale, mpaka na la mke. Alijaribu kuzuia uso wake asicheke, akashindwa. Ndipo nikapewa meza.

Kazi ya kitengo chetu ilikuwa kutayarisha rasimu, yaani sheria kabla haijawa sheria. Washauri wa kigeni walileta maandishi yao kwa Kiingereza. Mshauri wa Sheria, mzee mpole kutoka Sudan, aliyageuza yakawa Kiarabu kizuri mno, kizuri hata sisi makarani hatukukifahamu vyema. Wengi wetu tulikuwa wa Unguja na Pemba. Basi tulijibunia njia yetu wenyewe: kila kifungu kikishaandikwa, tunakisema kwa Kiswahili, kwa sauti, kama tunamwambia jirani. Tuliita kutafuna. Kifungu kisichotafunika kina mfupa, na ukiuangalia vizuri mfupa ule utakuta ni kosa la mwandishi. Siku moja Mshauri alisikia vicheko vyetu akachungulia.

"Mnafanya nini humu?"

"Tunatafuna kifungu cha tisa, maulana."

"Kina nini?"

"Kinasema mwenye bima akifa, atoe taarifa kwa kampuni mwenyewe."

Mzee akakichukua, akakisoma, akakaa kitini akicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Tangu siku ile hakupeleka rasimu juu bila ya kupita kwetu kuuliza, "Mmeshaitafuna?"

Baadaye tukaongeza. Kule Sib kulikuwa na sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa, ambapo mawakala wa vibanda walikuwa wakikutana jioni kwa kahawa na tende. Tulikwenda na rasimu tukawasomea kwa Kiswahili, nao wakatwambia wapi mteja atadhulumiwa na wapi mwizi atapita. Nassor ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote. Kiarabu cha sokoni alikimudu kuliko mimi, lakini lugha ya sheria hakuitaka kuiona. "Weye ndo macho yangu," alikuwa akinambia. "Ukinisomea weye, mie nishasoma." Na hivyo ndivyo walivyofanya wote pale. Walichokisikia kwa Kiswahili sablani ndicho walichokiamini, maandishi yenyewe hawakuyafungua.

Katikati ya miaka hiyo nilipelekwa Qurayyat kupokea malalamiko. Nililalamika, nikidhani nimetupwa, kumbe ilikuwa furaha tupu. Kila asubuhi kulikuwa na kesi yake. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake na ushungi umemkaa kama wa mtu aliyekuja harusini. Gari ilikuwa imemgonga mbuzi wake.

"Kampuni imekubali kulipa mbuzi, bibi."

"Mbuzi wangapi?"

"Mmoja."

"Alikuwa na mimba. Na yule kila akizaa anazaa pacha. Haya, hesabu tena."

Mwakilishi wa kampuni akasema sheria haijui mbuzi asiyezaliwa. Bibi akamjibu, "Basi isubiri, itamjua." Nikampigia simu Mshauri wa Sheria, akasema, "Mpe haki bibi. Mbuzi mwenye mimba sokoni bei yake si sawa na asiye na mimba, kwa hiyo swali ni la thamani, si la idadi." Bibi alipoelezwa alikubali, lakini akatuonya kwamba wakati mwengine atamleta mbuzi ofisini tumpime wenyewe.

Niliporudi Maskati nilikuta rasimu kubwa mezani: sheria mpya ya usimamizi wa biashara ya bima. Ilitaka kila wakala awe na cheti cha mafunzo ndipo apewe leseni. Jambo hilo nililiunga mkono na ninaliunga mkono mpaka leo. Walikuwepo matapeli waliouza karatasi za kampuni zisizokuwepo, na watu waliumia. Lakini mawakala wa zamani, akina Nassor, vyeti hawakuwa navyo. Wengine walikatizwa masomo na safari, wengine walikuja na nguo za mwilini tu. Kazi waliijua, darasa hawakulikaa.

Tulipoisoma rasimu sablani, Nassor alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Sasa mie na kitambi hichi nikakae darasani na watoto?"

"Hata kiti hutapata," mmoja akamchokoza.

"Hebu sikilizeni. Tupeni muda. Atakayetaka kusoma asome, asiyeweza aulizwe maswali kwa mdomo. Akijibu, apewe leseni. Kosa liko wapi hapo?"

Kosa halikuwepo. Mshauri wa Sheria alilipenda wazo hilo, akaandika kifungu cha mpito. Kifungu cha mpito ni kile kinachowavusha watu kutoka sheria ya zamani kwenda mpya, wasije wakaanguka katikati. Nilirudi Sib nikawasomea. Nassor akauliza, "Kimo ndani?" Nikasema, "Kimo." Akashukuru mbele ya watu wote, akanikamata bega.

Kisha rasimu ikatolewa kwa maoni. Katika muda huo mtu yeyote anayehusika aliweza kuandika au kuja kusema anachokipinga, na tulilazimika kumsikiliza. Muda huo haukuwa umemalizika Mkurugenzi aliponiita. Alikuwa mwenzetu wa Unguja pia, ndiyo maana alizungumza nami kwa Kiswahili, mlango kaufunga.

"Kifungu hichi cha wazee wako kitatuchelewesha. Makampuni hayakitaki, na mie nataka rasimu ifike juu kabla ya Ramadhani. Kifute."

"Tumeshawaambia kimo, bwana."

"Ndo nnakwambia usiende tena huko sablani. Wakijua watakuja hapa wote na bakora zao. Watajua sheria ikitoka." Kisha akaongeza, "Mkuu wa Kitengo anastaafu mwaka huu. Nafikiri unajua."

Nilijua. Nilikuwa na watoto wanaosoma, na nyumba ndiyo kwanza inanyanyuka ukuta. Nikasema "Hadhir."

Siku chache baadaye Nassor aliingia ofisini kwetu na sinia la halwa, ya moto bado, yenye zaafarani na lozi. Amekuja kuwashukuru waandishi, alisema. Alimlisha Mshauri wa Sheria kwa mkono wake, akawachekesha makarani, akanijia mimi wa mwisho. "Kula, ndugu yangu. Wametufikiria, wallahi. Mie nilikuwa silali." Nikala. Alipoondoka, Mshauri alikuja mezani kwangu. Yeye alikwishakipinga kitendo cha kukifuta kifungu mbele ya Mkurugenzi na hakusikilizwa.

"Humwambii?"

"Nitamwambia, maulana."

"Muda wa maoni bado upo. Mimi ni mgeni hapa, sijui hata njia ya kwenda sablani kwao. Wewe unaijua."

Niliijua vizuri. Muda ukamalizika, sikwenda.

Sheria ilipotoka, Nassor alikwenda kuomba leseni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, maana alijua kifungu kimemwondolea cheti cha mafunzo, akadhani vyovyote vitafaa kumtambulisha. Dirishani msichana alimweleza kwa adabu kwamba kifungu anachokisema hakimo. Alibisha. Alimwambia, "Kimo, nimesomewa." Walikuwepo watu nyuma yake. Msichana akamgeuzia maandishi aangalie mwenyewe.

Jioni ile alikuja nyumbani kwangu. Hakutaka kukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ile siku ya halwa?"

"Nilikwishajua."

Akatikisa kichwa pole pole. "Kazi ni riziki, Mungu atanipa nyengine. Ungenambia tu. Tungekwenda, tungesema, tukishindwa tumeshindwa. Weye umeniacha nikashukuru." Akamuaga mke wangu kwa heshima zote, akatoka. Mawakala wa zamani walifunga vibanda mmoja baada ya mmoja, na sabla ile ya Sib sikualikwa tena.

Nikawa Mkuu wa Kitengo. Siwezi kudanganya kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ya huzuni. Ilikuwa mizuri. Tulipokea vijana waliosoma sheria, wasichana kwa wavulana, Kiarabu chao safi na Kiingereza safi, na nikawafundisha kutafuna. Mmoja wao, binti wa Sib, alikuwa mkali hata mimi nikimwogopa. Nikisoma kifungu anasema, "Ami, hapo umemeza, hukutafuna." Tuliandika kanuni za takaful, bima ya kiislamu ambamo wanachama wanachangiana badala ya kuuziana hatari, na siku tuliyoimaliza tulipika biriani ofisini mpaka walinzi wa chini wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Katika kila rasimu iliyopita mkononi mwangu nilihakikisha kifungu cha mpito kimo. Siku ya kustaafu vijana wale walinitungia sheria ya mzaha: kifungu cha kwanza, Ami amekatazwa kuamka alfajiri, kifungu cha mpito, anaruhusiwa kuzoea kidogo kidogo.

Sasa nyinyi rasimu mnaiweka mtandaoni, na maoni yanakuja kwa simu. Ni jambo zuri. Hata hivyo tafuteni wale wasioifungua, mkawasomee kwa lugha wanayoota nayo ndoto. Na mkishawasomea, likibadilika neno moja, rudini. Msiporudi, ingekuwa bora msingekwenda.

Nassor yuko hai, mwenye afya, alhamdulillahi. Yeye na binti yake walifungua mkahawa wa chai na mandazi huko Sib, nao umejaa watu tangu asubuhi. Mara nyengine ninavuka mlima kwenda huko. Ninamsikia akiwachekesha wateja kabla sijaegesha gari. Nikiingia ananiletea chai mwenyewe, anauliza khabari za watoto, anajibu za kwake, kisha anarudi kwa watu wake. Nilimwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili alisema amesamehe, na ninaamini amesamehe. Lakini hajakaa meza moja nami tangu jioni ile. Nilipata ukuu wa kitengo nikauhifadhi mpaka mwisho wa kazi, na bei yake ilikuwa Nassor. Rafiki mwengine kama yeye sikupata.