Imeandaliwa na Mama Stoo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Stoo alitunza ghala la kampuni ndogo ya milango na madirisha, na hakuna kioo kilichokatwa pale bila vipimo kupita mkononi mwake. Kidole gumba chake kina kovu la kioo cha kwanza alichobeba. Daftari lake lilijaa madoa ya chai, lakini kosa ungelitafuta usilione ng'o.

Kisha bosi akaleta mfumo. Oda, vipimo, likizo na barua, vyote vikahamia kwenye kompyuta na kuhifadhiwa huko wanakokuita kwenye wingu. Jambo jema, tusibishe. Ila mfumo wenyewe ulilipiwa kwa idadi ya watumiaji, na bosi, mkono wa birika yule, akalipia mtumiaji mmoja tu! Akasajiliwa Mama Stoo kwa kuwa ndiye aliyehudhuria mafunzo. Nywila ikabandikwa ukutani, watu wanane wakawa wanaingia kwa jina lake. Alipolalamika, bosi alicheka.

"Mama, sisi si familia?"

Wiki iliyopita vioo arobaini vya shule vilikatwa vikapungua sentimita kumi kila kimoja, na kioo kikishakatwa hakirefuki. Bosi akafungua mfumo, akasoma kwa sauti mbele ya wote: "Vipimo vimebadilishwa na Mama Stoo, Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Alhamisi nilikuwa hospitali!" Mama Stoo aling'aka. "Mume wangu alikuwa anapasuliwa jicho. Ruhusa ulinipa wewe mwenyewe."

"Mfumo hausemi uongo, mama."

"Mfumo umeambiwa uongo, nao ukauandika! Alhamisi nani alikaa kwenye kiti changu?"

Shemeji wa bosi, ofisa mauzo, akainama ghafla kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kila mtu alijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Jina lake waliliazima kama koti, na leo hata mmoja hakumbuki kulivaa.

Mchana akakabidhiwa barua. Ajira yake imesitishwa kuanzia leo, kwa uzembe. Miaka kumi na tisa, mistari minne! Akaisoma mpaka chini kabisa, maana ndivyo alivyozoea kusoma oda. Pale chini, kwa herufi ndogo, mfumo ulikuwa umeweka jina la mwandishi: Imeandaliwa na Mama Stoo.

Akatembea moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, wote wakimtazama.

"Bosi, barua hii nani kaiandika?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Mfumo unasema ni mimi. Na mfumo hausemi uongo."

Akaketi kwenye kiti chake, akaitafuta ile barua, akaifuta. Akabadilisha nywila. Kisha akaibandua ile karatasi ukutani, akaichana vipande vipande.

"Anayetaka kuingia humu kuanzia leo, aje na jina lake," alisema. "Na kesho asubuhi naenda shuleni kupima upya. Shemeji yako atanishikia futi kamba."

Bosi akaitazama kompyuta, ambayo sasa nywila yake aliijua Mama Stoo peke yake. Barua nyingine angeiandika kwa jina la nani?