Kiti cha Baba

Harufu ya ngozi iliyokaa juani, iliyochanganyika na mafuta machafu ya mashine. Nikiikuta popote, hata kwa fundi wa kando ya barabara pale Makomeno, ninarudi kuwa msichana wa miaka kumi na mmoja aliyesimama kando ya kinga ya baba yake. Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu Lubumbashi. Mtanivumilia nikilitumia, maana nikisema baiskeli ninaiona ya mtu mwingine.

Baba alikuwa mrefu kupita kiasi. Alifanya kazi ya reli, kama baba yake aliyeteremka kutoka kaskazini ya Katanga, na mama alizoea kumtania kwamba kitanda chetu kilinunuliwa kwa ajili ya bwana mwingine, kwa jinsi miguu yake ilivyolala nje. Kiti cha kinga alikipandisha mpaka mwisho wa bomba lake, na chini yake akaning'iniza kimfuko cha ngozi chenye ufunguo wa nati. Hakuna jirani aliyeiazima mara ya pili.

Alikufa mwanzoni mwa mvua, kwa homa ambayo haikutupa hata nafasi ya kuzoea kwamba ni mgonjwa. Matanga yalipokwisha na wageni wakaondoka na mikeka yao, nyumba ikawa kubwa mno kwa mama na mimi. Mama aliongea kidogo, na usiku hakuongea kabisa. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaegemeza shavu kwenye kile kiti cha ngozi, kwa sababu kilikuwa kimeshika umbo lake. Nilikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikujua kama hali hiyo ina jina.

Kwa desturi ya ukoo wetu, vitu vya marehemu hurudi kwa ndugu zake. Redio ilikwisha kwenda, na koti, na saa ya mkononi. Kiangazi kilipoingia, baba mdogo akaja kwa ajili ya kinga. Alikuwa mfupi, mkimya, na watu walishangaa kusikia kwamba yeye na baba walizaliwa tumbo moja.

"Mulamu," mama alimwambia shemeji yake, baada ya kumpa maji, "ngoya kwanza dimanche ipite. Mutoto alisha kujiandikisha mu course."

"Course ya kinga? Huyu mutoto mwanamuke?"

"Yeye mwenyewe."

Baba mdogo alinitazama, kisha akatazama ukuta. "Bon. Nitangoya."

Kila mwaka baada ya mavuno, parokia yetu ya huku Annexe, ambako nyumba na mashamba ya mihogo vimechanganyikana, iliandaa mashindano ya kinga kwenye vijia vya porini: kuteremka mpaka mtoni, kupanda kilima cha udongo mwekundu, kuzungukia barabara ya Kinsevere na kurudi uwanja wa kanisa. Mshindi alipewa jembe jipya. Mimi sikutaka jembe. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikifika wa kwanza mbele ya umati wote, baba mdogo ataona haya kuninyang'anya kinga. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Wazo hilo nililitunga peke yangu kule nyuma ya nyumba, na sikumwambia mtu.

Shida ilikuwa miguu. Niliendesha kama watoto wote wafupi, mguu mmoja nimeupitisha chini ya upau, mwili wote ukining'inia ubavuni. Asubuhi ya Jumapili hiyo ya mashindano katekista, aliyekuwa msimamizi wa shughuli yote, alinijia na ufunguo wa kukazia nati, akakishika kiti, akaniita mama kama wasichana wote wanavyoitwa kwetu.

"Mama, leta tushushe hii selle. Miguu yako haifike ku pedale."

"Hapana, papa."

"Sasa utashinda namna gani?"

"Ni papa yangu aliiweka vile."

Katekista alimgeukia baba mdogo, aliyekuwa amekuja kuingojea kinga, kama mtu anayeomba msaada. Baba mdogo aliinamisha macho, mikono nyuma. Nikadhani anawaza tu nisije nikaikwaruza mali yake. Nilimchukia kwa moyo wote.

Mtu wa chama, ndani ya koti la abacost lililombana shingo, alituhutubia sisi wananchi, "citoyens na citoyennes", mpaka jua likawa kali. Tukaimba wimbo wa chama. Halafu filimbi.

Kufika mtoni nilikuwa nimekwisha kuachwa. Vijana wenye kinga za kubebea magunia ya makaa walinipita wakicheka, wengine wakaniita kaa wa mtoni, na haki yao, maana nilikwenda upande upande. Kisha vumbi lao likatulia na vicheko vikaisha. Nilisukuma kinga kupanda kilima kati ya vichuguu, nikisikia mnyororo tu na pumzi yangu. Kule juu niliona moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba, mbali, na hapakuwa na mtu. Nilijua kwamba nimeshindwa.

Ndipo nikapanda juu ya kichuguu, na kutoka pale nikakalia kiti cha baba. Kinga iliteremka yenyewe. Miguu yangu ilielea hewani, lakini niliona juu ya majani, juu ya mihogo, mpaka mapaa ya nyumba zetu. Hivi ndivyo alivyoona kila jioni akirudi kazini. Niliita "Papa!" kwa sauti, mara nyingi, mpaka kinga ikaniangusha shambani mwa watu.

Nilipofika uwanjani jembe lilikwisha kutolewa na watu walikuwa wanakula. Aliyesimama kwenye mstari alikuwa baba mdogo peke yake. Aliifuta kinga vumbi kwa kitambaa chake.

"Umemaliza, mama?"

Niliachia usukani. Akaipanda, akaondoka kuelekea gare, kituo cha treni, akiyumba kushoto na kulia, vidole vya miguu vikigusa pedali kwa shida. Watoto walianguka kwa kucheka. Nilimpa mgongo, nikaenda kukaa na bukari yangu, ugali wa kwetu, mbali na watu.

Miaka mingi ilipita. Mama alipofariki, nilibaki na blauzi yake ya kitenge, pana kwangu mara mbili. Fundi cherehani alitaka kuipunguza, nikaikumbatia kifuani, nikamkatalia kwa ukali usiokuwa na sababu. Na pale pale, mlangoni kwa fundi, nikasikia tena kile kimfuko cha ngozi kilichoning'inia chini ya kiti cha kinga. Baba aliweka ufunguo wake humo. Siku ile baba mdogo alipokuwa akiyumba kuelekea gare, ule ufunguo ulikuwa unagonga kwenye bomba, ngo, ngo, ngo. Sote tuliusikia. Angeweza kusimama wakati wowote akakishusha kile kiti, naye akakiacha pale kaka yake alipokiweka.

Baba mdogo alikuwa amekwisha kufa nilipoelewa. Siku ile uwanjani tungeweza kumlilia baba pamoja, yeye na mimi, na mimi nikampa mgongo.