Sweta la Mashine

Nilirudi Kibondo wakati wa kiangazi, barabara zimekuwa unga mwekundu na kila mgomba wa kando ya njia umevaa vumbi. Sikuwa nimepanga kurudi. Nilikuwa Muyama nikisaidia watu kupura maharage, lori likapita lenye nafasi, nikapanda. Ndivyo ninavyoishi. Asubuhi yake nikajikuta mbele ya kile chumba cha mbele cha nyumba ya bibi, pembeni mwa soko, kilichokuwa studio ya mjomba wangu. Siku hizi wanauza mbolea na mbegu. Nilimwomba muuzaji niingie kidogo. Akautazama mfuko wangu wa mgongoni, akanikubalia kwa shingo upande. Nyuma ya magunia, kwenye ukuta, doa jeusi bado lipo, pale pale mashine ilipokuwa ikipumulia.

Hebu nikueleze, ndugu yangu. Kabla simu hazijaanza kufanya kila kitu, harusi ya Kibondo haikuwa imeisha mpaka mjomba aseme imeisha. Yeye ndiye aliyepiga video, akaikata, akaiwekea nyimbo na maua yanayodondoka kwenye kioo, kisha akaitoa kwenye diski. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, nzito kama mkokoteni. Mjomba, ambaye hakujua kungoja, aliingia kwenye mipangilio yake ya ndani kabisa akailazimisha ikimbie kuliko ilivyotengenezwa. Mwenyewe aliita kuikamua. Na kweli ilikimbia, lakini anayekimbia hupata joto. Joto likizidi mashine ilijizima yenyewe, na kazi yote ikaanza upya.

Kazi ya mwisho, ile ya kuunganisha picha na sauti ziwe video moja, mjomba aliita kupika. Ilichukua saa nyingi, na hapo ndipo mashine ilipochemka. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililoungua, pua yangu inaileta na ya pili yake, harufu ya maharage ya mawese yaliyokuwa yakitokota uani kwa bibi. Kazi yangu mimi ilikuwa kupuliza vumbi kwenye mashine kwa pampu ya baiskeli. Niliipenda kuliko shule, na walimu walilijua hilo.

Sasa, shida ilikuwa bibi. Bibi, mama yake mjomba, alikuwa na msemo: kitu cha thamani hakikai uchi. Redio yetu ilikuwa na kitambaa cha kufuma, viti vilikuwa na vitambaa, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake. Kompyuta ilipoingia nyumbani, bibi alifuma kwa miezi. Akaleta kitambaa kizito cha sufu, cha waridi na nyeupe, kilicholifunika lile sanduku la mashine kuanzia kichwani mpaka magotini. Matundu yote ya juu yakazibwa.

Nani angemwambia? Kuvua kitambaa cha mama yako ni sawa na kumrudishia sahani yake na chakula. Kwa hiyo tuliishi kwa ujanja. Bibi akienda shamba, mashine ilikaa uchi. Akirudi, tulisikia kikohozi chake cha kiko tangu uani, na mjomba akaivisha haraka. Siku nyingine aliivisha kinyume, na bibi akaja kukinyoosha kitambaa kwa upendo, kama anayemweka mtoto sawa kola ya shule.

Jirani yetu alikuwa mama wa kutoka ng'ambo, Burundi, aliyeishi nasi tangu sijazaliwa. Kiha chetu na Kirundi chake vilielewana bila kuulizana. Bintiye aliolewa Kibondo, na mjomba akapiga video. Mara ikaja habari kwamba mama yake jirani, kikongwe, hali yake si nzuri. Jirani akaamua kurudi kwao kumuuguza. Alikuwa na ombi moja tu: aende na ile video, kikongwe amwone mjukuu wake alivyoolewa kabla macho hayajafumba. Gari lilikuwa linaondoka Alhamisi alfajiri. Jumatano asubuhi video ilikuwa bado haijaiva.

Mjomba alikuwa ameongeza feni ya pili nyuma ya mashine, lakini wapi. Ilipika, ikajizima. Ikapika tena, ikajizima. Jirani alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mara ya tatu ilikuwa imefika mbali, tukaanza kutabasamu, na hapo hapo kikohozi kikasikika uani. Mjomba akakirukia kitambaa akaivisha. Bibi akaingia na bakuli la maharage. Mashine ikapiga kelele ya kuzidiwa, kisha kimya.

"Imelala?" bibi akauliza.

Mjomba akatazama sakafu. Nami nikatazama sakafu. Jirani ndiye aliyenyanyuka.

"Mama," akasema taratibu, "mgonjwa ana homa, na wewe umemvika sweta."

Bibi aliweka bakuli chini. Akaigusa mashine kwa kiganja, kama anavyogusa paji la uso la mtoto, akautoa mkono upesi. Kisha akakivua kitambaa mwenyewe, akakikunja mara mbili, akakiweka begani.

"Na mlikuwa mnaniacha nimchome mtoto wa watu," akamwambia mjomba. "Mdomo ulikuwa na kazi gani?"

Mjomba aliiwasha tena. Ilikwenda vizuri zaidi, lakini joto likaanza kupanda. Bibi hakuondoka. Alichuchumaa pembeni, akavuta kiko, akapuliza moshi mbele ya mashine kwa udadisi tu. Feni ya mbele ikaunyonya. Akazunguka nyuma, akapuliza tena. Feni ya nyuma nayo ikaunyonya. Baada ya kidogo moshi ukatokea kwenye nyufa za ubavuni, mchovu, ukamwingia machoni.

"Hapa wote wanaingia," akasema akijifuta. "Nani anatoka?"

Mjomba alieleza kwamba alitaka ubaridi uingie kwa wingi, ndiyo maana feni zote mbili alizielekeza ndani. Bibi akamuuliza kama jikoni kwake aliwahi kuona moshi ukitokea mlangoni. Unatokea juu, chini ya paa, kwa sababu mlango unaingiza. Mjomba alishika kichwa, akacheka hadi akakaa chini. Bibi akanigeukia: "Mume wangu, lete bisibisi."

Tuliigeuza feni ya nyuma. Tukaisogeza mashine mbali kidogo na ukuta. Bibi akapuliza moshi mbele. Ukaingia, na nyuma ukatoka mnyoofu, wa moto, kama pumzi ya ng'ombe. Mashine ikatulia. Mjomba akapata ujasiri, na kabla hajaanza kupika upya akamuuliza jirani kama angependa kumwambia mama yake neno mwanzoni mwa video. Alitaka azime feni kwanza zisiharibu sauti, bibi akamkataza. "Iache ipumue." Basi jirani akaongea na mama yake kwa Kirundi, pole pole, na chini ya sauti yake feni zikivuma. Jua lilipokuwa linashuka, video iliiva. Bibi akaichukua diski, akaifungia ndani ya kile kitambaa cha waridi na nyeupe, akampa.

Shule niliiacha baadaye kidogo. Swali la bibi nimetembea nalo: kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kwenye tanuri za matofali Kasulu, kila ninapofika nauliza nani anaingia, nani anatoka, na watu wananionyesha. Bibi tumemzika. Mjomba anatengeneza simu Kasulu. Studio ni mbolea.

Lakini wiki ile ile niliyorudi nilikwenda Mabamba siku ya soko, nikamkuta yule binti, bibi harusi wetu, sasa mama wa watoto, akiuza maharage. Akaniambia kikongwe aliiona video. Aliiangalia mpaka diski ikachakaa, kisha kijana mmoja wa kwao akaiweka kwenye simu. Akanichezea. Sauti ya mama yake ikatoka, na chini yake ule mvumo. Mtoto wake mdogo akauliza ni upepo gani ule. Sikupata nafasi ya kujibu, maana jua lilikuwa kali na simu ikaandika kwamba imepata joto, ikazima.

"Mvue kwanza kava," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akaanza kucheka. "Sweta," akasema. "Mama alitusimulia." Akaivua, akaiweka simu kivulini juu ya gunia, na sote watatu tukakaa kuisubiri ipoe.