Benchi la Nyuma Mahakamani

Kazi ya wakili huyu ilikuwa kukaa. Msicheke. Kila asubuhi binti wa watu alivaa suti nyeusi, akamuaga mama yake, fundi cherehani, akashika njia ya mahakamani na joho mkobani. Huko alikaa benchi la nyuma kabisa mpaka saa kumi, kisha akarudi nyumbani akilalamikia kesi nyingi. Shahada ya sheria anayo, leseni anayo. Mwajiri ndiye hakuwepo. Alipeleka barua thelathini na nane. Wote wanataka uzoefu wa miaka mitano. Jamani, uzoefu unauzwa sokoni?

Uongo wenyewe ulikuwa wa siku moja tu. Mama aliuliza, "Umepata?" na majirani wametega masikio mlangoni, naye akajibu, "Nimepata." Wanasema njia ya mwongo ni fupi, yake ilifika miezi kumi na minne. Akajitungia na wafanyakazi wenzake: bosi mkali, dada wa mapokezi mpenda umbea, kijana mcheshi wa kula naye mchana. Kumbe mtu pekee aliyewahi kumsemesha pale ni karani wa mahakama: "Pole, dada. Mshtakiwa ni nani yako?" Siku hiyo alilia chooni.

Basi asubuhi moja mama akafunika cherehani yake.

"Leo nakusindikiza, mwanangu. Nataka nikuone ukisimama."

Visingizio vyote alivitoa. Mama huyo, kiguu na njia.

Wakakaa benchi lile lile. Hakimu akaingia, akawataka mawakili wajitambulishe. Wawili wakasimama kule mbele. Mama akampiga binti kiwiko. "Simama basi! Joho liko wapi?" Akalitoa mkobani mwenyewe, akalikunjua magotini, kidole chake kikaishia mfukoni.

Joho lile alilishona yeye. Mfuko wake aliufunga kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo mwenye nguo huifumua siku ya kwanza anapovaa. Uzi mweupe ulikuwepo bado, wote.

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja kelele, maana mama yake akikasirika mtaa mzima hupata habari. Mama akalikunja joho upya, taratibu, akalirudisha mkobani. Kesi mbili zilisikilizwa kabla hajamwinamia sikioni.

"Sasa mchana huwa unakula na nani?"

Si kazi aliyoiuliza, wala uongo.

"Peke yangu, mama."

Mama akamshika mkono, na machozi yakawatoka wote wawili, kimya kimya, kama watoto waliokatazwa kulia. Karani alipopita na mafaili yake akawaona, akawainamia kwa huruma.

"Poleni jamani. Ndugu yenu amefungwa muda gani?"

"Miezi kumi na minne," mama akajibu.