Bawa Nililolifunga Peke Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho mpaka leo, na mimi sasa ni mzee wa kutembea na fimbo. Ni siku nilipochungulia ndani ya bawa la ndege niliyoijenga mwenyewe, hapa hapa Kirushya, nyuma ya nyumba hii. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako ile ndege inayouzwa vipande, ukasema umemaliza chuo cha ufundi na sasa unataka kuiagiza uje kuiunganisha nyumbani. Wenzako walicheka. Mimi nilinyamaza, ukadhani nami nakucheka moyoni. Sivyo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa malori pale Rusumo. Mpakani fundi hakai bure. Malori yalifika breki zikinuka moshi, madereva wakilalamika, nami nilijua kila lori kwa mlio wake. Kati ya wateja wangu alikuwepo daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi ng'ambo ya mto. Alikuwa ameagiza ndege ndogo ya watu wawili, ya kuunganisha mwenyewe, ili imfikishe kwa wagonjwa wa mbali. Kabla hajafungua hata kreti moja, macho yake yakaharibika. Siku anafunga mizigo arudi kwao, aliniita.

"Deo, mimi siwezi kuruka tena," alisema. "Wewe una mikono mizuri. Ichukue, lakini uijenge inavyotakiwa."

Makreti yakavuka daraja. Karatasi za forodha zilishughulikiwa na wakala mmoja, dada aliyeitwa Evarista. Mimi nilitaka aandike kwamba ni vipuri, tumalize haraka. Alikataa. Akaandika kama ilivyo, kwamba hii ni ndege isiyounganishwa, kisha akanipa nakala.

"Kaka Deo, hii uipeleke ofisi ya usafiri wa anga kabla hujagusa kitu. Waulize wanataka nini kwako."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia mtu anayekukumbusha kuvaa sweta.

Ndani ya kreti la kwanza kulikuwa na vitabu viwili. Kimoja kinene, cha maelekezo ya ujenzi. Kingine chembamba, kinachomweleza mjenzi wa nyumbani mambo ya kanuni. Kile kinene nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Kile chembamba nilikifungua mwanzoni, nikakutana na maneno usajili, ukaguzi, kibali, nikakirudisha kilipotoka. Nilijiambia kwamba kanuni zimewekwa kwa ajili ya watu wasiojua kazi, na mimi kazi naijua.

Nilijenga mwaka mzima na miezi kadhaa juu yake. Kila Ijumaa nilirudi kutoka Rusumo, nikaingia kwenye banda ambalo mama yangu alikuwa akianikia maharage, na sikutoka humo mpaka Jumapili saa ya misa. Mke wangu Veneranda alinishikia bati huku nikipiga ribiti, vile vijisumari vya kuunganisha bati. Alikuwa na jicho kali kuliko langu; ribiti ikikaa upande aliiona kabla yangu. Mwanangu, ule ulikuwa wakati mzuri. Usidhani nakukataza furaha ile. Hakuna kitu kinachofanana na kuona bati bapa linageuka bawa mbele ya macho yako.

Kosa langu la pili lilikuwa mdomo. Katika jumuiya yetu nilisimama nikatangaza kwamba sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia, nitaruka juu ya kanisa na kudondosha maua, na Veneranda atakaa kando yangu. Watu walipiga vigelegele. Wazee wakatoa sehemu ya malisho, vijana wakafyeka nyasi na kusawazisha vichuguu ili nipate pa kukimbizia ndege. Leseni ya urubani sikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa mara chache kwenye ndege ya rafiki wa daktari, nikashika usukani angani, nikaona inatosha.

Veneranda hakusema hapana. Aliandika barua kwa kaka yake aliyekuwa akilima Nyarubungo, kule Biharamulo. Jirani wa kaka yake alikuwa Mzee Idrisa, fundi wa ndege aliyestaafu. Wiki mbili kabla ya sikukuu nikamwona mzee mwembamba, amevaa kofia ya kufuma, anashuka kwenye basi na mfuko wa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye ndege? Nionyeshe."

Aliizunguka ndege mara mbili bila kuigusa. Nilingoja sifa. Aliposimama kwenye bawa la kushoto aligonga kwa kidole.

"Kabla hujafunga humu, nani alitazama ndani?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Na mwingine?"

"Hakuna."

"Daftari lako la kazi liko wapi? Siku gani ulifunga bolti gani, nani aliikagua?"

Nilimwambia kwamba yote yamo kichwani. Mzee Idrisa akavuta kigoda akakaa.

"Basi sikiliza, kijana. Mimi nimefanya kazi ya ndege miaka mingi, na sijawahi kuruhusiwa kukagua kazi yangu peke yangu. Si kwa sababu walinidharau. Jicho lililofanya kazi huona lilichokusudia, halioni lilichofanya." Kisha akaniuliza, "Imesajiliwa?"

"Bado."

"Hapa Ngara mipaka miwili iko karibu. Upepo ukikusukuma ng'ambo ya mto, utasema wewe ni nani? Ndege isiyo na namba haina kwao. Na leseni?"

Nikajibu kwa hasira. Nilimwambia aliyeijenga ndiye anayeijua, kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kuirusha. Alinitazama kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

"Pale Rusumo unatengeneza malori. Je, unayaendesha kwenye ule mteremko bila leseni, kwa kuwa tu umefunga breki wewe?"

Nilitoka nikaenda kukaa migombani. Mwanangu, nilimchukia yule mzee jioni nzima. Niliwaza sikukuu, nikawaza vijana waliofyeka nyasi, nikawaza nitakavyochekwa. Veneranda akanifuata. Hakunibembeleza.

"Baba Editha," alisema, akiniita kwa jina la binti yetu, "mimi nimekubali kukaa kwenye kiti kile. Nitakaa. Lakini nataka kujua kama ninakaa kwa sababu ndege ni nzima au kwa sababu wewe umeshatangaza."

Maneno yale yalinimaliza. Jumapili nilisimama tena kwenye jumuiya, nikasema ndege haitaruka. Wengine waliguna, mmoja akatoka nje akicheka. Kesho yake Mzee Idrisa alinisaidia kuandika barua kwa ofisi ya usafiri wa anga, tukaambatanisha ile nakala ya Evarista. Kama angekubali kuandika "vipuri", ningelazimika kuanza kwa kueleza kwa nini nilidanganya.

Baada ya muda alikuja mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikisoma kile kitabu chembamba pamoja nami, ukurasa kwa ukurasa, mezani kwangu. Ndipo nikaelewa, na aibu ikanishika, kwamba muda wote ule kilikuwa kinazungumza na mimi. Kilisema kanuni zinamruhusu mtu wa kawaida kujenga ndege yake nyumbani. Zinamruhusu! Zinachotaka ni athibitishe kwamba sehemu kubwa ya kazi ameifanya mwenyewe, aandike kila hatua, na aite mkaguzi kabla ya kufunga sehemu ambayo haitaonekana tena.

"Mabawa yafunguliwe," alisema alipomaliza. "Sina namna ya kukagua ribiti kwa nje."

Nilichukua drili. Kutoa ribiti ulizozipiga mwenyewe ni kazi ya uchungu, moja baada ya moja, na ukiteleza unaharibu bati. Bawa la kulia lilikuwa safi, nikaanza kujisikia vizuri. La kushoto tulilifungua mchana. Mkaguzi aliingiza tochi, akatazama, akanipa tochi.

Nyuma ya bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka ili ndege ipinde. Kinavutwa na fimbo, na fimbo ile inashikwa na bolti. Mwisho wa bolti kuna nati, na nati inapaswa kuchomekwa pini ili isifunguke kwa mtikisiko. Nati ilikuwepo. Pini haikuwepo. Kitundu chake kilikuwa kitupu, na nati nikaizungusha kwa vidole viwili.

Nilikumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimeshika ile pini mkononi alipokuja mtu kuniambia shangazi amefariki. Nikaiweka mezani, nikaenda msibani. Niliporudi baada ya siku nne nilifunga bawa, na kichwani mwangu pini ilikuwa imeshaingia.

Veneranda aliichukua tochi, akatazama naye. Akaondoka, nikamwona amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Chini kwenye njia watoto walikuwa wakitoka shule, na kila mmoja wao angekuwepo kwenye ile nyasi siku ya sikukuu.

Sasa, nisikuache na huzuni, maana mambo hayakuishia hapo. Nilinunua daftari gumu, nikaanza upya. Kila bolti ikapata mstari wake na tarehe yake, na Veneranda akawa anasoma kila mstari kabla hatujaendelea. Mzee Idrisa alikuja kutoka Nyarubungo mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mkaguzi alirudi kabla ya kufunga mabawa, akarudi tulipopima uzito, akarudi injini ilipowashwa. Tukapata namba ya usajili, nikaiandika ubavuni kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, nikarudi nyuma kuitazama kama mtu anayesoma jina la mtoto wake. Mwishowe kikaja kibali cha majaribio: rubani mwenye leseni, peke yake, mbali na nyumba za watu na mbali na mipaka, mpaka saa zilizowekwa zitimie.

Rubani alikuwa mstaafu kutoka Mwanza. Asubuhi aliyoinua magurudumu, watu wote walikuwa wamezuiwa kilimani, na mimi nilikaa kwenye nyasi. Ndege ikapinda kushoto, taratibu, ikanyooka. Mzee Idrisa alipiga makofi mara moja tu, akafuta miwani yake.

Saa za majaribio zilipotimia na kibali cha kubeba abiria kikatoka, nilimwambia Veneranda aanze yeye, kando ya yule rubani. Alipanda. Aliporudi alikuwa anacheka na kulia pamoja, akasema Kirushya kutoka juu ni migomba mitupu. Mimi nilikwenda kusomea leseni miaka mitatu baadaye, nikaipata.

Kwa hiyo, mwanangu, iagize ndege yako. Lakini kabla hujalipia kreti, nenda ofisi ya usafiri wa anga na maswali yako yameandikwa. Usiniulize mimi kanuni za leo, maana hubadilika. Waulize wao, na wakujibu kwa maandishi. Soma kitabu chembamba kabla ya kile kinene. Forodhani sema ukweli. Andika siku ileile unayofanya kazi, piga picha kwa hiyo simu yako, na usifunge kitu ambacho jicho la mwingine halijakiona. Usitangaze siku ya kuruka kabla ya kuwa na kibali mkononi. Na atakayekuuliza swali la kukuudhi, mpe kigoda akae, umsikilize mpaka mwisho.

Mungu aibariki mikono yako na akupe subira ya kungoja. Akupe watu wasioogopa kukuambia bado. Upae salama, mwanangu, utue salama, na wanaokupenda wakupokee chini ukiwa mzima.