Nauli Ilishuka, Ukanyamaza

Mwaka themanini na mbili, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu alifariki kule Msangano, nikaja Tunduma kubeba mizigo ya watu kichwani. Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo, mwanangu, usitegemee maneno laini hapa. Nina hasira, na ninaandika nikiwa nayo.

Nakumbuka asubuhi niliyonunua vitenge vyangu vya kwanza vya biashara. Nililipa, nikamwachia muuzaji furushi, nikaenda kutafuta mkokoteni. Kurudi, namkuta anawauzia wengine vitenge vilevile kwa bei ya chini. Nikainama nibebe, kimya. Mama Tumaini, mtu mzima aliyeuza chumvi pale jirani, akanidaka kanga.

"We mtoto, ulimi umeuacha kwenu? Furushi bado liko kwake. Sema sasa! Ukishalitoa hapo, hata ulie hakuna wa kukusikia."

Nikasema nataka bei ileile ya wenzangu. Muuzaji alinung'unika, akaniita king'ang'anizi, kisha akaniongezea kitenge kimoja. Ndivyo tulivyofanya biashara hapa mpakani: mzigo ambao haujatoka kwa muuzaji bado una mazungumzo.

Sasa sikia ya mwaka huu. Mdogo wangu Tabitha, mkulima wa kahawa huko Iyula, aliitwa Dar es Salaam kupasuliwa jicho. Safari ya basi haiwezi tena, mgongo umekwisha. Nikatoa hela, mjukuu wangu Baraka akakata tiketi mbili za ndege, ya Tabitha na ya bintiye Neema. Hela yote ya mkononi ikaishia hapo, nyingine nilikuwa nimeshaifunga kwenye mzigo wa vitenge. Ya kulala na kula huko Dar ikawa haipo, na sisi tunahangaika kuitafuta. Siku ya tatu ndipo Baraka ananiambia, huku anachezea simu:

"Bibi, nauli ilishuka jioni ileile niliyokata. Ilishuka sana."

"Ukafanya nini?"

"Niliona noma kumsumbua wakala. Angeniona mshamba."

Noma! Nilimburuta mpaka kwa wakala wa tiketi. Kijana akaniamkia vizuri, nikaitikia, lakini akacheka nilipomwambia kwamba mgonjwa hajapanda ndege, kwa hiyo bei ya kiti bado inazungumzika.

"Bibi, hapa siyo dukani kwako."

"Soma masharti. Kwa sauti."

Akasoma. Tiketi zile zilikuwa zinabadilishika: unakatwa ada, unawekwa kwenye nauli mpya, kinachobaki unarudishiwa.

"Basi tubadilishie."

"Ile ilikuwa ofa, bibi. Imeisha jana. Mngenipigia jana tu, ningewabadilishia."

Nilimwangalia Baraka mpaka akatoka nje mwenyewe.

Tabitha akauza kahawa yake ingali mtini, kwa mchuuzi, kwa bei ya matusi, ili apate pa kulala. Jicho linaona, namshukuru Mungu. Lakini jasho la mwaka mzima limekwenda kwa sababu kijana mwenye afya aliogopa kuchekwa na kijana mwenzake!

Mwanangu, kabla hujalipa, uliza: tiketi hii inabadilishika? Ada yake ni kiasi gani? Ukishalipa usilale, endelea kuchungulia nauli. Ikishuka, kwenye tofauti ya bei toa ile ada kwanza. Ukiona bado kuna kinachobaki, piga simu saa hiyohiyo. Uliza wanarudisha hela mkononi au wanakuwekea ya safari nyingine, na hiyo mwisho wake lini. Wakikataa, wamekataa, masharti ni yao. Lakini wakatae wao. Usijikatalie wewe.

Mungu akulinde njiani, akupe kinywa kisichoogopa kuuliza, na wagonjwa wako wasilipe gharama ya aibu yako.

Mimi, kwa kinywa hichohicho cha kuuliza, leo nina nyumba mbili hapa Tunduma, duka la vitenge, shamba la mahindi Msangano, ng'ombe saba na pikipiki moja. Sidaiwi na mtu.